Chombo Kisicho na Farumi

Jahazi likishapakua mzigo na kutakiwa kurudi tupu, nahodha mwenye akili halitoi bandarini hivi hivi. Kwanza hulirudishia uzito. Mabaharia watashuka ufukweni, watabeba mawe au mchanga, watavipanga chini kabisa karibu na mkuku, mpaka chombo kikae majini kwa adabu. Mzigo huo usio na mnunuzi, unaokwenda na kurudi bila kulipiwa nauli, ndio farumi. Jahazi lisilo na farumi hulazwa ubavu na upepo wa kwanza wenye hasira.

Ngalawa haina farumi. Nafasi ya kuiweka haipo, na hata ingekuwepo, fundi wake angeona umemtukana. Kazi yake yote, tangu mwembe ulipoanguka mpaka tanga lilipotwekwa, ilikuwa ni kupunguza. Ndiyo maana nikitaka kusifu ufundi wa pwani siendi kwanza kwenye milango ya Mji Mkongwe, ingawa inapendeza na wapiga picha hawaichoki. Naenda chini ya mvinje, alipokaa mtu na tezo katikati ya vibanzi, akitoa katika mti kila kisichohitajika, na akijua pa kuachia.

Wengi hudhani wepesi wa ngalawa unatokana na mti wake. Sivyo. Mwembe si mti mwepesi hasa. Msufi unaushinda kwa mbali, na penye misufi mikubwa watu wameichonga pia. Lakini msufi hunywa maji na kuoza upesi. Mvule hudumu, ila bei yake si ya mvuvi. Mwembe umekaa katikati: laini kwa tezo, mnene wa kutosha kutoa chombo kizima katika gogo moja, na unaota nyuma ya nyumba. Mara nyingi unaokatwa ni mzee, umekwisha kupunguza kuzaa. Hata hivyo kabla ya shoka kuna mazungumzo marefu, kwa sababu mwembe huwa na wenyewe wengi. Aliyeupanda amekufa, wajukuu wametawanyika, na kila mmoja anazikumbuka embe zake. Fundi hungoja. Mirathi ya watu haiingiliwi kwa shoka.

Gogo likishalazwa chini, tuseme la mita 6 lenye upana wa sentimita 80, likiwa bado bichi, uzito wake hupita tani 2. Hakuna wa kulibeba. Basi kazi huanzia palepale shambani: kwanza sura ya nje, gogo likiwa limefudikizwa, kisha linageuzwa na kukombwa tumbo. Hapa shoka ndilo linalosema, na anayepita njiani atadhani kazi yenyewe ni ya nguvu tu. Majirani huja kukusanya vibanzi kwa kuni. Kinapopatikana kitu kinene chenye umbo la mtumbwi, vijana hukiburura hadi pwani juu ya magogo ya kuviringisha, kwa nyimbo ambazo nyingine hazifai kuandikwa. Sehemu kubwa ya mti imebaki nyuma, imekuwa majivu jikoni kwa watu. Ukija kuipima ngalawa iliyokamilika dhidi ya gogo lake la awali, huenda usikute hata sehemu moja katika kumi.

Ufukweni kazi hubadilika. Shoka huwekwa kando, tezo huingia, na mwendo unapungua. Kitako huachwa kinene zaidi, maana ndicho kitakachoburuzwa mchangani na kukwaruzwa na matumbawe. Ubavu hupungua kadiri unavyopanda, hata karibu na ukingo unabaki kama nyanda mbili. Kupata nyanda hizo mbili kwa urefu wote wa chombo, kwenye mti wenye vifundo na mishipa inayojisokota, ndiko kunakomtenga fundi na mchongaji wa kawaida. Pigo moja la pupa linatoboa kazi ya wiki nyingi. Kiraka kinawezekana, lakini kiraka huonekana, na pwani watu wana macho na midomo.

Fundi mmoja niliyekuwa nikikaa naye upande wa kusini wa Unguja hakuwa na kipimo cha kumwonyesha mtu. Kiganja kimoja ndani, kimoja nje. Kisha kifundo cha kidole kinagonga na sikio linasikiliza. Alikuwa akigonga huku akizungumza habari nyingine kabisa, bei ya pweza au ndoa ya mpwa wake, kisha katikati ya maneno ananyamaza, anarudi nyuma shibiri moja, anagonga tena, anaondoa kibanzi kimoja chembamba, halafu anaendelea na ndoa palepale alipoiachia. Siku moja nikamwuliza anasikia nini.

“Bado imeshiba, mwanangu,” akanijibu.

Basi. Hakuongeza neno, nami nikaona kuuliza zaidi ni kumchelewesha.

Sasa, jambo ambalo sifa za kawaida huliruka ni kwamba kitu hiki alichokipunguza kwa uangalifu wote huo, peke yake, hakifai kitu. Kiweke majini: ni chembamba, kitako mviringo, hakina mkuku wa maana. Kaa ndani upige chafya, kinapinduka. Kukitia mlingoti na tanga ni kutafuta maafa. Fundi amekinyima uzito uliokuwa ukituliza, na uzito huo hauondoki duniani kwa kuwa wewe umeuondoa kwenye gogo. Lazima kazi yake ifanywe na mwingine. Kwa jicho langu, hapo ndipo ufundi wa ngalawa ulipo: katika kuchagua nani atalipa wepesi ule. Wa kwanza kulipa ni miti miwili mirefu na mbao mbili.

Miti ile hukatizwa juu ya mwili wa chombo, mmoja mbele na mmoja nyuma, ikachomoza pande zote mbili kama mikono iliyonyooshwa. Ndiyo mirengu. Kwenye ncha zake hufungwa matengo, upande huu na upande ule. Majina hutofautiana kidogo ukitoka bandari moja kwenda nyingine, na wapo watakaokuambia ndubi, lakini kitu ni kilekile. Ubao mwembamba ukiwekwa mbali na chombo hufanya kazi ambayo mawe ya farumi hufanya yakiwa mengi na yakiwa karibu. Umbali umechukua nafasi ya uzito. Mtu yeyote aliyewahi kupima nazi kwa mizani ya mkono anaijua kanuni hii. Fundi ameipeleka baharini.

Kuna la ziada. Katika visiwa vingi vya Pasifiki, chelezo cha ubavuni huwa ni gogo dogo linaloelea kwa kuwa ni mti. Tengo la ngalawa ni ubao, tena umewekwa kwa mshazari. Ngalawa ikilala upande wa demani huku ikienda kasi, maji hupita chini ya ubao huo na kuusukuma juu. Kadiri inavyokwenda ndivyo inavyoshikiliwa. Iliyosimama huyumba na kumtia mgeni kichefuchefu, inayokwenda hutulia. Ndiyo sababu wageni huiogopa ikiwa imetia nanga, na wenyeji huanza kuiangalia kwa makini pale mwendo unapokatika ghafla.

Na vyote hivyo hufungwa kwa kamba. Zamani ilikuwa ya makumbi, leo ni nailoni. Msumari ungeshika kwa nguvu zaidi siku ya kwanza, lakini siku ya mawimbi ungepasua mti, kwa kuwa mirengu inatakiwa ichezecheze kidogo kila wimbi linapopita. Mtepe wa Lamu, chombo cha kushonwa ambacho karne ya 20 ilikikuta kinamalizikia, ulikuwa na hekima ya namna hiyohiyo mwili mzima. Mbao zake zilishikwa na kamba, zikajipinda badala ya kuvunjika.

Mambo haya hayakuanzia hapa, wala hakuna aibu kusema hivyo. Ubavu wa kuelea ni urithi wa watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Walifika Bukini, kama wazee walivyoiita Madagaska, na lugha ya huko mpaka leo ndugu zake wa karibu wako kusini mwa Borneo. Kwenye mawe ya hekalu la Borobudur, kisiwani Java, yaliyochongwa karne ya 8 na ya 9, mna merikebu zenye matengo. Mwaka 2003 chombo kilichoundwa kwa kufuata michongo hiyo, Samudra Raksa, kiliondoka Jakarta, kikapita Ushelisheli na Madagaska, kikazunguka kusini mwa Afrika na kufika Accra mapema mwaka 2004. Wavezo wa magharibi ya Madagaska hutumia tengo moja. Sisi na Wakomoro, wanaoita chombo chao galawa, tuna mawili. Tanga la pembe tatu tunashirikiana na bahari nzima ya Hindi. Mwembe wenyewe ulitoka Bara Hindi. Hata kitambaa kimesafiri: mtepe ulitweka mkeka, karne ya 19 ikaja merikani ya viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, na sasa matanga mengi ya ngalawa ni viroba vya unga na mchele vilivyofumuliwa na kushonwa upya. Kiroba kikilowa hakizidi uzito sana. Tanga la pamba likilowa, aliyelitweka atakuambia mwenyewe alivyoshika kiuno.

Anayelipa wa pili ni binadamu.

Nimesema ngalawa haina farumi; niseme sawasawa. Farumi yake ina miguu. Upepo wa kusi ukizidi na tengo la demani likianza kuzama, nahodha hasemi mengi. Kijana mmoja huinuka, hushika kamba, hutembea juu ya mrengu wa upande wa joshi mpaka karibu na ncha, akakaa au akaning'inia huko nje huku povu likimpiga magotini. Upepo ukizidi tena, anafuata wa pili. Ukipungua, wanarudi ndani bila kuambiwa. Jahazi lina mawe ambayo hayawezi kuhama mahali pake wimbi linapokuja; ngalawa ina watu wanaosikia upepo kwa ngozi kabla haujafika kwenye tanga. Kwenye mashindano ya ngalawa ya Unguja utawaona watazamaji wanafuata matanga kwa macho. Tazama watu walioko juu ya mirengu. Anayechelewa kurudi ndani upepo unapokatika ndiye anayeutia maji upande wa pili, na hapo mashindano yamekwisha kwa chombo chake, tena mbele ya shangazi zake.

Mwili wa mtu huyo nao sharti uwe na aina yake ya wepesi. Sizungumzii unene; nimewaona mabaharia wanene wanaotembea juu ya mrengu kama paka. Nazungumzia ile hali ya kutojikaza. Mgeni akiketi ndani ya ngalawa hushika ukingo kwa mikono miwili, akawa mzigo uliokufa, akainama kila chombo kinapoinama. Mvuvi hukaa kalegea kiunoni, chombo kinacheza chini yake naye kichwa hakitikisiki. Huwezi kumfundisha mtu hilo kwa maneno. Watoto hujifunzia kwenye vingalawa vyao vya kuchezea maji yanapokupwa, na wakifika umri wa kwenda mbali wameshasahau kwamba walijifunza.

Usukani una habari yake pia. Wenyewe huzungumza juu ya usukani mzito na usukani mwepesi, na hawamaanishi kipande cha mbao. Mlingoti ukisimamishwa mahali pasipostahili, au tanga likikatwa vibaya, chombo hutaka kugeuza uso wake muda wote. Nahodha hushindana na kana kutwa nzima, na jioni bega linamwuma. Mlingoti ukikaa mahali pake, mkono wa usukani hushikwa kwa vidole viwili. Unahisi mtetemo mdogo, basi. Mafundi wazuri huihamisha mara kadhaa nafasi ya mlingoti kabla ya kukubali, wakiipeleka ngalawa nje na kurudi, wakipunguza hapa na kuongeza kabari pale. Mwenye chombo hukasirika kwa kucheleweshwa. Akishika usukani kwa mara ya kwanza hasira humtoka, ingawa si kila mmoja hurudi kushukuru.

Faida za chombo hiki ni rahisi kuzitaja. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na mwamba ambao asubuhi ulikuwa chini ya bahari mchana uko juani. Jahazi husubiri. Ngalawa hupita kwenye maji ya magoti, na yakikosekana hata hayo, wanne wanashuka na kuisukuma. Hailipi bandari. Hailali kwenye nanga ikingoja kuvunjwa na mawimbi ya usiku. Hupandishwa juu ya mchanga, karibu na nyumba ya mwenyewe. Serikali kwenye makaratasi yake humwita mwenyewe huyo mvuvi mdogo. Sijui kipimo walichotumia, ila hakika hawakumpima akiwa juu ya mrengu.

Lakini nimechoka kusoma sifa za wepesi zinazoishia kwenye faida. Gogo lililokombwa mpaka nyanda mbili huoza mapema. Wadudu wa baharini hulitoboa. Mwenyewe hulitoa majini, hulilaza ubavu, akapitisha moto wa makuti chini yake, kisha akapaka sifa, mafuta yale ya papa yenye harufu inayokaa kwenye nguo mpaka sikukuu. Akizembea, miaka ya chombo inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na mwembe uliokatwa ulichukua miongo kadhaa kunenepa vile. Huyo naye amelipa.

Kisha kuna siku ambayo tengo linavunjika mbali na nchi kavu. Kila kijiji cha uvuvi kinazo nyumba ambazo husemi mbele yake habari ya upepo fulani wa mwaka fulani. Kabla ya kushua chombo alfajiri, wazee husema Mungu atie wepesi, maneno yaleyale tunayomwombea mgonjwa na mwanamke anayeingia leba. Hawaombi kuondolewa bahari. Wanaomba waivuke. Fundi anayesikia dua hiyo nyuma yake anajua kwamba sehemu moja yake inamhusu: vifungo alivyokaza jana, na kibanzi kile cha mwisho alichokiondoa au alichokiacha.

Siku hizi boti za faiba zinaenea, na sitajifanya kuzichukia. Nazo ni nyepesi, zinadumu, haziozi, na hazikati mwembe wa mtu. Miembe mikubwa yenyewe imekuwa adimu. Mafundi wengine sasa huunga vipande viwili au huongeza mbao ubavuni ili kupata chombo cha kufaa. Mvuvi aliyepata faiba yenye mashine anafika mbali zaidi na kurudi siku hiyohiyo, na anayemshauri abaki na tanga kwa ajili ya uzuri wa picha ana chakula chake mahali pengine. Ninachokiona ni kwamba wepesi wa faiba umeamuliwa kiwandani. Ikipasuka, mvuvi hununua gundi kutoka mjini. Mashine ikinyamaza, hununua kipuri. Ngalawa ikipasuka, jirani anakuja na tezo. Malipo yapo kote kuwili. Kwenye ngalawa mlipaji na mlipwaji hukutana msikitini.

Ngalawa ikishakufa, zamani ilikuwa kuni au hori la kunyweshea ng'ombe. Sasa ina soko jipya. Wafanyabiashara wa samani huzinunua zilizochakaa, huzikata katikati, huzisimamisha wima na kuzitia rafu. Kwenye mapokezi ya hoteli za pwani zimejaa, zimebeba vitabu, chupa na makombe ya baharini. Zinapakwa vanishi mpaka zing'ae. Nilikutana na nusu moja ya namna hiyo, nikagonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole kwa mazoea mabaya ya kuiga, na mhudumu akaniuliza kwa heshima kama kuna kitu nahitaji. Nyanda mbili zilikuwepo bado. Mirengu na matengo hayakuwepo, na muuzaji aliponiambia huwa hayaletwi sikushangaa: hayapiti mlangoni, na kabla mnunuzi hajafika kijijini mwenyewe huwa ameshayafungua akayafunga kwenye ngalawa nyingine.